Mzee kaanzishiwa dawa ya kolesteroli, mezani tubadilishe nini?

Kijana wa Kizota
Wakuu, heshima kwenu. Baba ana miaka 61, kaanzishiwa atorvastatin miligramu 20. LDL yake, ile kolesteroli mbaya, ilisoma 4.6 (mmol/L). Kaambiwa apunguze mafuta, basi. Nyumbani chakula ni ugali wa uwele au sembe, mlenda, maharage, nyama mara tatu nne kwa wiki, na supu ya makongoro Jumapili. Mafuta tunanunua ya kupima. Jirani anamkataza zabibu eti zinagombana na dawa. Mzee naye anauliza, akila vizuri si ataacha vidonge? Naomba vipimo kabisa.

Mfamasia Dom
Zabibu ale. Tunda lenye shida na atorvastatin ni balungi. Linazuia kimeng'enya cha kwenye utumbo kinachovunja dawa, kwa hiyo dawa inazidi kwenye damu na misuli ndiyo inayoumia. Simvastatin, dawa nyingine ya kolesteroli, huathirika zaidi ya hapo. Ila kinachonitia hofu kuliko balungi ni duka la dawa: mtu kabanwa na kifua, anapewa antibiotiki kama clarithromycin au erythromycin, nazo zinazuia njia hiyohiyo. Kila anapokwenda kununua dawa yoyote ataje kidonge chake.

Atorvastatin anywe saa yoyote, mradi iwe saa ileile kila siku. Misuli ikiuma bila sababu amwone daktari, na mkojo ukibadilika kuwa kama chai ya rangi aende hospitali siku hiyohiyo.

Kuhusu kuacha: lishe nzuri peke yake mara nyingi hushusha LDL kwa asilimia 10 hadi 15. Kidonge hicho hushusha karibu asilimia 40. Kwa 4.6 yake, lishe peke yake itamfikisha kama 4.0, kidonge kitamfikisha karibu 2.8. Akiacha, inapanda tena ndani ya wiki chache. Apime tena kati ya wiki ya 4 na ya 12, na majibu yakiwa mazuri maana yake dawa inafanya kazi, asiiache kwa sababu hiyo.

Lishe Kanda ya Kati
Chakula chenu cha msingi ni kizuri, msikivuruge. Ute wa mlenda ni nyuzi zinazoyeyuka: zinanasa nyongo tumboni inatoka na choo, ini linalazimika kuchota kolesteroli kwenye damu kutengeneza nyongo nyingine. Maharage yanafanya vivyo hivyo, kikombe kimoja yakiwa yameiva, kila siku. Uwele usikobolewe. Kama mzee ana presha, punguzeni magadi kwenye mlenda, yana sodiamu nyingi.

Tatizo lipo kwenye mafuta ya kupima. Yatazameni asubuhi za baridi za Julai. Yakiwa meupe na mazito, ni ya mawese au yamechanganywa, na karibu nusu ya mawese ni mafuta yale yanayopandisha LDL. Alizeti ni kama sehemu moja tu kwa kumi. Alizeti ya kukamua mtaani inaweza kuweka ukungu kidogo wa nta, lakini haigandi. Kwa watu watano, lita moja ifike siku 10, yaani mililita 20 kwa mtu kwa siku.

Makongoro yapikwe jioni, yapoe, yalale kwenye friji. Asubuhi bandueni utando mweupe wa juu kabla ya kupasha. Ile supu iliyoshikana na kutetemeka chini yake ni protini ya ngozi na kano, ibakini nayo. Hata hivyo iwe mara moja kwa wiki mbili. Nyama ya ng'ombe mara moja au mbili kwa wiki, siku nyingine samaki au kuku aliyetolewa ngozi.

Kijana wa Kizota
Asanteni sana. Na mayai?

Lishe Kanda ya Kati
Manne kwa wiki yanamtosha, ya kuchemsha. Chipsi mayai ndiyo aiache.