The Stand au Swan Song? Nina hela ya kimoja tu

MwanaChumbageni: Wakuu salaam. Kuna jamaa Ngamiani, hapa Tanga, anauza vitabu vya mitumba, ana The Stand ya Stephen King na Swan Song ya Robert McCammon. Zote dunia inaisha, waliobaki wanagawanyika, wema huku waovu kule. Nichukue ipi?

BintiPangani: Bei? Hali yake? The Stand ya mwaka gani? Ya 1978 ilikatwa kurasa kama 400, zikarudishwa 1990. Hujasema kitu wewe.

MgosiLushoto: The Stand, unauliza nini? Mafua yametoroka kwenye maabara ya jeshi, yamefyeka karibu watu wote. Waliobaki wanaota ndoto: bibi wa miaka 108 anawaita Nebraska, yule mwovu Randall Flagg anawaita Las Vegas. Baada ya corona utaisoma umevaa barakoa.

KakaRaskazone: Swan Song, mgosi. Hiyo ni nyuklia, jua halionekani miaka, halafu kibinti anagusa ardhi mimea inaota. Ilipata tuzo ya Bram Stoker, ile ya riwaya za kutisha, ya 1987.

BintiPangani: Iligawana na Misery ya huyohuyo King. Sema yote.

DerevaKange: Kagua kurasa kwanza! Mimi niliagiza The Stand toka Dar, ikaja na basi. Nasoma usiku, umeme umekatika, natumia tochi ya simu. Wale wanne wanatoka kwa miguu kumfuata Flagg, roho iko juu, nafunua ukurasa... narudishwa katikati ya kitabu! Kurasa za nyuma zimerudiwa, za mwisho hakuna. Muuzaji hapatikani hewani mpaka leo. Mwisho nilisimuliwa na shemeji, na nina hakika aliongeza chumvi.

MgosiLushoto: Na wewe umeshatumwagia nusu.

MzeeWaBao: Vijana, heri na shari mnazifuata Nebraska? Someni Adili na Nduguze. Ndugu wamegeuzwa manyani, wanachapwa viboko kila usiku. Shaaban Robert huyo, mzaliwa wa Vibambani hapahapa.

KakaRaskazone: Shikamoo mzee. Ila dunia haikuisha pale.

MzeeWaBao: Marahaba. Kwa waliochapwa iliisha.

MwanaChumbageni: Kila kimoja elfu kumi na tano. The Stand haina jalada, mwaka siuoni.

BintiPangani: Tazama namba ya ukurasa wa mwisho. Ikipita 1,100 ni kamili.

DerevaKange: Asitazame wa mwisho tu, apekue yote!

MamaWawili: Samahani, huyo jamaa yuko barabara ya ngapi? Ana vitabu vya hesabu vya darasa la saba?