Naomba ushauri: bodi gani ya kuendesha mashine ya CNC ya kuchonga shaba na mbao, hapa Lubumbashi?

Fundi wa Katuba

Ndugu mafundi, nawasalimu wote.

Kwa miaka mingi nimekuwa nikigonga sahani za shaba kwa nyundo na patasi, kazi ambayo mji wetu unajulikana nayo. Sasa nimejenga mashine ya CNC, yaani ya kuchonga inayoongozwa na kompyuta, ya kunisaidia michoro midogo inayochosha macho. Fremu yake ni ya chuma cha mraba, na meza ina milimita 600 kwa 900. Mihimili yote mitatu inatumia skrubu za gololi za 1605, na ina mota nne za hatua za ukubwa wa NEMA 23, kila moja ampea 3, mbili kati yake zikisukuma daraja linalobeba spindeli kutoka pande zote mbili. Spindeli, mota inayozungusha kisu, ni ya kilowati 1.5 pamoja na kibadili kasi chake. Kifaa cha kutoa volti 36 ninacho tayari, lakini bodi ya udhibiti na dreva za mota (vifaa vinavyolisha mota umeme kwa amri ya bodi) bado sijanunua, na mfukoni nimebaki na dola 250 kwa vyote viwili.

Kazi yenyewe ni kuchonga handa, ule msalaba wa Katanga uliokuwa fedha ya wazee wetu, juu ya shaba ya unene wa milimita 2, na mara mojamoja mapambo ya milango ya mninga.

Ninafikiria njia tatu: Arduino Uno, bodi ndogo yenye programu ya Grbl ya kuendesha mashine, pamoja na ile bodi ya juu yake inayopokea dreva ndogo za A4988; au DDCS V3.1, kidhibiti ambacho hakihitaji kompyuta. Au kompyuta ya zamani yenye programu ya Mach3. Muuzaji mmoja ameniambia kwamba Uno ni ya kuchezea watoto kwa sababu haina kasi, na neno hilo limenitia wasiwasi. Mjue pia kwamba mtaani kwetu umeme hukatika bila taarifa, siku nyingine zaidi ya mara moja.

Kasapa_Elektroniki

Papa Fundi, hongera kwa kazi hiyo. Kabla ya kuamini neno la muuzaji, tupige hesabu, kwa maana jambo la kasi halihitaji kubahatisha.

Mota yako inapiga hatua 200 kwa mzunguko mmoja. Ukiweka dreva igawanye kila hatua mara 8, utapata mapigo (ishara za bodi kwenda kwa dreva) 1,600 kwa mzunguko, na kwa kuwa skrubu ya 1605 inasogea milimita 5 kila ikizunguka, kila milimita moja itahitaji mapigo 320. Tuseme unataka mwendo wa milimita 3,000 kwa dakika, yaani 50 kwa sekunde: hayo ni mapigo 16,000 kwa sekunde. Grbl kwenye Uno inaweza kufika takriban 30,000, kwa hiyo uko ndani ya uwezo wake kwa nafasi kubwa. Ukigawanya mara 16 utahitaji 32,000, na hapo ndipo itakapoelemewa. Basi usigawanye mara 16, kwa sababu usahihi utakaoupata juu ya shaba hautaonekana. Tena, ukichonga shaba kwa kisu chembamba utatembea pengine milimita 300 kwa dakika, ambayo ni mapigo 1,600 tu kwa sekunde. Mota zenyewe zitaanza kupoteza nguvu kabla ya Uno kuchoka.

Ninachokukataza ni zile dreva ndogo za A4988. Hata zikipozwa vizuri haziwezi kulisha mota ya ampea 3. Nunua dreva za nje za DM542, zinazopokea volti 20 hadi 50 na kutoa hadi ampea 4.2, na ambazo ndani yake ishara ya bodi hutenganishwa na umeme wa mota kwa njia ya mwanga. Zipo pia TB6600 za bei nafuu, lakini kikomo chao ni karibu volti 42, na wewe unatumia 36. Mimi nisingependa kukaa karibu na ukingo hivyo. Fedha yako ielekee kwenye dreva kwanza.

Mama Chuma

Hesabu ya ndugu yetu wa Kasapa ni sahihi, lakini Papa Fundi ametaja kukatika kwa umeme mwishoni kana kwamba ni jambo dogo, na kwangu mimi ndilo lingepaswa kuamua bodi.

Naeleza yaliyonipata. Karakana yangu ina mashine inayofanana na hiyo, yenye Uno na kompyuta ya mkononi. Siku moja umeme ulikatika katikati ya sahani niliyokuwa nimeichonga kwa saa tatu. Spindeli ilisimama na mota zikalegea, lakini kompyuta ilikuwa na betri yake, na Uno inakula umeme kupitia waya wa USB wa kompyuta hiyohiyo. Kwa hiyo Uno haikujua kwamba kuna lililotokea. Iliendelea kusoma faili na kuhesabu mapigo kwenda kwa mota zilizokufa. Umeme uliporudi baada ya dakika mbili, mota zilikamata tena na mashine ikaendelea na kazi ikiwa mahali tofauti kabisa na pale ilipojidhani ipo. Ililima mtaro wa mshazari juu ya uso wa kazi nzima, kisu kikavunjika, na mteja wangu alikuwa anasafiri kesho yake asubuhi.

Tangu siku hiyo nina mambo mawili ambayo siyaachi. La kwanza, umeme wa dreva na wa spindeli unapita kwenye kontakta, swichi kubwa inayoendeshwa na umeme, inayojishikilia yenyewe: umeme ukikatika inaachia, na ukirudi hakuna kinachowaka mpaka mtu abonyeze kitufe kwa mkono wake. La pili, kuna relei ndogo, nayo ni swichi ya aina hiyohiyo, inayolala kwenye umeme huohuo. Ikiachia tu, inafunga mguu wa A0 wa Uno na ardhi ya bodi, na huo ndio mguu ambao Grbl 1.1 inautumia kusitisha kila kitu. Hesabu inasimama papo hapo pamoja na mota.

Mkaazi_Likasi

Ndiyo maana mimi ninatetea DDCS, Mama. Inakula volti 24 kutoka umeme uleule unaolisha mashine, ina kioo chake, inasoma faili kwenye flashi, na umeme ukikatika vyote vinakufa kwa pamoja. Inatoa hadi mapigo 500,000 kwa sekunde kwa kila mhimili, na hakuna waya wa USB wa kuvurugwa na spindeli. Tatizo ni kwamba kwa dola 250 utakuwa nayo bila dreva.

Mach3 iache. Lango sambamba la kompyuta, ambalo Mach3 hutumia kutoa mapigo, linafanya kazi kwenye Windows ya biti 32 peke yake, na programu isiyolipiwa inakoma kwenye mistari 500, ambayo mchoro mmoja wa handa utaimaliza kabla ya kufika katikati.

Fundi wa Katuba

Asanteni sana. Mama Chuma, maelezo yako yamenifanya nitoke nje kwenda kuangalia jinsi nilivyopanga nyaya zangu, na nimeona kwamba ningeanguka shimo lilelile.

Nina maswali mawili. Baada ya kukatika, je, kuna njia ya kuendelea na sahani ileile, au ni ya kutupa? Na hizi mota mbili za daraja, je, Uno inaweza kuzisawazisha, au ninahitaji bodi nyingine?

Kasapa_Elektroniki

Sahani haitupwi kama ulifunga swichi za mwisho, zile zinazogundua mhimili umefika ukingoni, kwenye mihimili yote mitatu. Sifuri ya kazi yako (pale mchoro unapoanza kupimwa), ile ya G54, Grbl inaihifadhi katika kumbukumbu isiyofutika umeme ukikatika. Inachosahau ni mahali mashine ilipo. Kwa hiyo unaiagiza irudi nyumbani kwa amri ya $H, nayo kwa kawaida itainua Z, mhimili wa juu na chini, kwanza ili kisu kitoke ndani ya shaba, ndipo itafute X na Y. Baada ya hapo sifuri yako ipo palepale. Faili unaianzia mistari michache nyuma ya pale ilipokatika, lakini lazima kwanza uirudishie mashine amri zake za mwanzo: vipimo vya milimita, mwendo, na kuwasha spindeli. Watu wengi husahau hilo la mwisho na kuburuta kisu kisichozunguka.

Kuhusu daraja, ishara moja ya Uno inaweza kulisha dreva mbili, na zitatembea pamoja. Zikilegea umeme ukikatika, upande mmoja unaweza kuteleza kidogo na daraja likakaa mshazari. Kwa sababu hiyo, badala ya Uno mimi ningechukua bodi ya ESP32 yenye programu ya FluidNC. Inaelewa faili zilezile za Grbl, na inaruhusu kila mota ya daraja kuwa na swichi yake, hivyo kila ikirudi nyumbani inalinyoosha daraja yenyewe. Mipangilio yake yote iko kwenye faili moja ya maandishi unayoweza kuisoma. Kumbuka tu kwamba miguu ya ESP32 ni ya volti 3.3 wakati dreva hutarajia 5, kwa hiyo chagua bodi ambayo tayari imewekewa vikuza ishara. Relei ya Mama Chuma utaifunga vilevile, ila mguu wake utautaja wewe ndani ya faili hiyo.

Mama Chuma

Naunga mkono, na ninaongeza la shaba. Vumbi la mbao ni uchafu; unga wa shaba ni waya. Chembe moja ikidondoka kati ya miguu miwili ya bodi, bodi imekwenda. Ifungie ndani ya sanduku lisilo na matundu upande wa juu, na usilisafishe kwa kupuliza hewa, kwa maana utaziingiza.

Waya wa ardhi nao uutazame. Kibadili kasi cha spindeli hutapisha kelele nyingi za umeme, na bila ardhi nzuri swichi za mwisho zitaanza kudanganya na mashine itasimama bila sababu. Nyumba nyingi za kwetu zina soketi ya matundu matatu isiyofungwa ardhini kabisa. Chimbia fimbo yako mwenyewe, na kuanzia Juni mpaka Septemba uwe unamwagia maji pale, kwa sababu udongo wetu ukikauka haupitishi kitu. Waya wa spindeli uwe wa kufunikwa na wavu, na usiulaze sambamba na nyaya za swichi.

Fundi wa Katuba

Nimeamua. Nitanunua bodi ya ESP32 yenye vikuza ishara, dreva nne za DM542, kontakta na relei, na swichi nne, mbili kati yake kwa ajili ya daraja. Fimbo ya ardhi tumeichimbia jana na kijana wangu, karibu na bomba la maji.

Swali dogo la mwisho: kina cha kuchonga ni milimita 0.15 tu. Swichi ya Z itarudi kwa usahihi huo kila mara?

Kasapa_Elektroniki

Usiitegemee. Lakini wewe unachonga chuma kinachopitisha umeme, na hiyo ni bahati. Funga waya mmoja wa mguu wa kugusia kwenye sahani, na mwingine wa ardhi ya bodi uushike kwenye kisu kwa kibanio, spindeli ikiwa imezimwa. Tuma amri ya G38.2 kisu kishuke polepole. Kikigusa shaba mashine inasimama, na hapo unaweka sifuri ya Z. Rudia kila ukibadilisha kisu na kila umeme ukirudi. Kibanio ukitoe kabla ya kuwasha spindeli, Papa Fundi, kila mara.