Ofisi ya marina imenirudishia fomu. Nitumie nini kupasha boti joto?

Kutoka: Idi wa Mferejini

Shikamooni wakubwa, wengine habari za baridi.

Nina swali moja tu, na naomba tusihame mada kama kawaida yetu. Wengi mnajua nimehamia kwenye boti tangu Agosti, baada ya mwenye nyumba kupandisha kodi mara mbili ndani ya mwaka mmoja. Ni ya futi 45, iko marina (bandari ndogo ya boti) kwenye mfereji wa Grand Union, pembezoni mwa London. Agosti nilikuwa nalala madirisha wazi. Sasa ni Novemba. Jana saa kumi alfajiri nimeamshwa na tone la maji puani. Dari lote limelowa kwa pumzi zangu mwenyewe, na nilipoinua godoro nikakuta kuvu jeusi, upana wa sahani.

Umeme wa gatini ni ampea 6. Nikiwasha hita na birika pamoja, breka inaruka, na sanduku la breka linafungwa kwa kufuli la ofisi, nao wanaondoka saa kumi na moja jioni. Imeruka mara tatu. Ijumaa nikapewa barua: marufuku hita ya umeme inayozidi kilowati 1, na nijaze fomu ya kueleza nitajipashaje joto. Nimejaza, nikaambatisha BSS (cheti cha usalama wa boti), bima na leseni. Imerudi. Wamezungushia kisanduku namba 7 kalamu nyekundu bila kuandika neno. Hicho ndicho kinachouliza ni chombo gani, kinachoma nini, moshi unatokea wapi. Mimi niliandika "nitanunua karibuni".

Haya, ninunue nini? Jiko la chuma, hita ya dizeli, au gesi? Mfuko wangu mnaujua.

---

Kutoka: Juma HGV

Hita ya dizeli ya Kichina, kwisha habari. Mimi nalala kwenye lori huko Carlisle, nje barafu, ndani niko na singlendi. Nimeifunga mwenyewe mchana mmoja. Ila weka dizeli nyeupe, ya kawaida ya magari. Ile nyekundu, ya ushuru nafuu, imepigwa marufuku tangu Aprili 2022, usije ukapigwa faini.

---

Kutoka: Nahodha Mstaafu

Juma, soma kwanza ndipo uandike. Mabadiliko ya 2022 yaliwaondoa wajenzi na wengine wengi, lakini boti za watu binafsi England, Wales na Scotland bado zinaruhusiwa nyekundu. Waliozuiwa ni wa Ireland ya Kaskazini. Unaponunua unatamka mgawanyo: kiasi gani cha injini, kiasi gani cha joto. Wengi hutamka 60/40. Ya injini inalipiwa ushuru kamili, ya joto nafuu. Idi ambaye hatang'oa kamba hadi Machi atamke anachotumia kweli, asiimbe 60/40 kama kasuku.

Tena lori si boti. Injini ya lori inachaji betri kila siku. Hiyo hita inapojiwasha, plagi yake ya kuwashia inavuta ampea kama 10 za betri kwa dakika kadhaa. Breka ya gati ikiruka usiku na betri zako ni kuukuu, alfajiri unakuta huna joto wala taa.

Mimi nina jiko la chuma, Squirrel ya Morsø, ya Mdenmaki, nimeikuta humo botini na itanizika. Gunia la kilo 20 la makaa yasiyo na moshi linanipeleka siku nne nikibana hewa usiku. Birika liko juu tangu asubuhi, maharage yanaiva yenyewe. Na sehemu kubwa ya unyevu inaondoka na dohani, ndilo jambo hamlisemi. Siri yote iko kwenye ile kamba inayozunguka mlango wa jiko. Ikichakaa, jiko linavuta hewa ovyo, makaa yanaisha kabla ya usiku wa manane. Chukua kipande cha karatasi, fungia mlangoni, kivute. Kikitoka bila ubishi, badili kamba. Usinunue makaa ya mawe ya zamani, yamekatazwa kuuzwa kwa majumbani England tangu Mei 2023, na kuni mbichi ni za kukuletea lami ndani ya dohani.

Jivu litoe kwa ndoo ya chuma. Niliwahi kuweka ndoo ya plastiki kwenye tezi, nikasikia harufu, kurudi nakuta imebaki mpini.

---

Kutoka: Mama Kei, Birmingham

Wanaume wawili, barua tatu, na hakuna aliyetaja CO, ile gesi ya sumu ya moto. Mimi ni nesi, niwieni radhi nikipaza sauti.

Nilikuwa darasa la tano, Limuru, Julai, ule ubaridi mnaoujua. Tulilala na jiko la mkaa chumbani, mlango umefungwa, chini umezibwa kwa nguo. Nakumbuka kichwa kinagonga, nakumbuka nataka kusimama na miguu haitaki. Kucucu, bibi yetu, ndiye aliyeamka kwenda msalani, akatuburuta mmoja mmoja hadi kwenye nyasi. Sikusikia harufu yoyote. CO haina harufu.

Idi, king'ora kwanza, joto baadaye. BSS inadai king'ora tangu Aprili 2019, na utafute chenye namba EN 50291-2, ndicho kilichotungwa kwa boti na karavani. Na matundu ya hewa usiyazibe na soksi! Najua umeyaziba.

Gesi futa kabisa. Kilo moja ya propani ikiungua inazaa zaidi ya kilo moja na nusu ya maji. Ukijipasha kwa jiko la kupikia utakuwa unajinyeshea mvua.

---

Kutoka: Juma HGV

Barua zilikuwa mbili, si tatu. Na hita yangu inatoa moshi nje kwa bomba lake, CO iingilie wapi?

---

Kutoka: Mama Kei, Birmingham

Itaingilia kwenye kiungo ulichokaza mwenyewe mchana mmoja.

---

Kutoka: Wakili wa Bure

Samahani nimechelewa. Idi, una HM (gati la kudumu) au ni CC (boti ya kuhamahama)? Kama ni CC lazima usogee kila siku 14, halafu hiyo ofisi haina mamlaka juu yako.

---

Kutoka: Nahodha Mstaafu

Amesema MARINA. Mstari wa kwanza huko juu.

---

Kutoka: Wakili wa Bure

Basi vizuri, maana wenye gati wana anwani. Ule msaada wa serikali wa 2022, pauni 400 za nishati, CC waliachwa nje kwa kukosa anwani ya kudumu. Halafu Idi auangalie mkataba wake wa gati kuhusu moshi. Tangu sheria ya mazingira ya 2021, halmashauri zinaweza kuziingiza boti zilizofungwa gatini kwenye maeneo ya kudhibiti moshi. Kwa hiyo hiyo Squirrel msimpigie debe kabla hajajua halmashauri yake inasemaje.

---

Kutoka: Bi Salama, Maskati

Wanangu, huku kwetu mwezi huu ndiyo kwanza tumezima AC tukashukuru. Mtu wa Tanga analala ndani ya chuma juu ya maji ya barafu, kwa raha gani? Marehemu baba alikuwa akisafiri na jahazi kutoka Unguja kwa msimu wa kusi, jiko lao ni kisanduku cha mchanga na kuni tatu, wanapikia samaki hapohapo. Hakuna aliyejaza fomu.

---

Kutoka: Nahodha Mstaafu

Shikamoo Bi. Kisanduku cha mchanga! Umenirudisha Lamu. Moshi wa mikoko nguoni hautoki hata ufue mara tatu.

---

Kutoka: Juma HGV

Nyumbani Tanzania nako sasa mkaa ni dhambi. Serikali inataka asilimia 80 wapike kwa nishati safi ifikapo 2034. Mama yangu Kibaha ana mtungi wa gesi sebuleni, ameuvisha kitambaa cha kudarizi. Anapikia mkaa uani.

---

Kutoka: Mama Kei, Birmingham

Sisi Kenya tulifungiwa misitu tusikate miti 2018, ikafunguliwa 2023, na mkaa haukuwahi kukosekana hata siku moja. Ulipanda bei tu. Waulizeni waliokuwa wakiusafirisha usiku.

---

Kutoka: Wakili wa Bure

Tusiingize siasa.

---

Kutoka: Idi wa Mferejini

Asanteni nyote. Mama Kei, soksi nimezitoa, king'ora kimefika leo. Breka imeruka tena saa mbili usiku, naandika hii nimevaa makoti mawili, simu iko asilimia 9. Fomu inatakiwa kesho saa tatu asubuhi.

Kisanduku namba 7 niandike nini?

---

Kutoka: Bi Salama, Maskati

Andika makoti mawili.

---

Kutoka: Juma HGV

Nahodha, hiyo Squirrel ukija kuiuza unaiachia bei gani? Nina mtu Kibaha.