Mkungu unachafua ua kila siku: niukate au huu uchafu una kazi?

Mwenye_Ua: Wakuu, habari za leo. Nyuma ya nyumba kuna mti mkubwa wa mkungu. Majani hayaishi, kungu zilizogugunwa na popo zimetapakaa, na saruji imeshika madoa ya kahawia. Lakini majani mekundu yakitandaa asubuhi, mkono unasita kushika msumeno. Mnashaurije?

Kokwa: Usikate, mkuu. Kiangazi kikibana, mkungu hupukutisha karibu majani yote kwa mkupuo, aghalabu mara mbili kwa mwaka. Hapo ndipo kazi ya fagio inapokuwa nzito. Ukitaka kuhifadhi wekundu, okota jani siku hiyohiyo lilipoanguka, lilaze katikati ya magazeti, weka tofali juu. Badilisha magazeti kila siku kwa siku nne za mwanzo. Jani hili ni nene, lina maji mengi. Ukilisahau litaota ukungu. Baadaye liweke mbali na jua, na hata hivyo rangi itafifia.

Bibi_Mboji: Kosa la wengi ni kutandaza majani mazima bustanini. Yanalaliana kama vigae, mvua inateleza juu na udongo chini unabaki mkavu. Yakate kwa panga kwanza. Kwa mboji, debe tatu za majani kwa debe moja ya samadi mbichi, maji ya kulowesha tu, geuza kila baada ya wiki mbili. Yana tanini nyingi (kemikali ya mimea inayotoa rangi ya kahawia), yanaoza polepole, kwa hiyo hesabu miezi minne na zaidi. Bila samadi, utayakuta vilevile.

Kokwa: Na kungu je? Nyama iliyogugunwa na popo msiile. Kokwa zioshe, zianike juani wiki mbili, kisha simamisha moja kwa ukingo juu ya jiwe na uigonge kwa nyundo. Ukiigonga ikiwa imelala, kiini kinasagika. Kiini ni kidogo, kazi ni kubwa, ila utamu wake unakaribia lozi. Kilicho cheusi au chachu tupa.

Fundi_Ua: Madoa ni hiyo tanini, hutoka kwenye majani yaliyolala yakiwa mabichi na maji. Fagia kabla mvua haijanyesha. Yaliyokwisha kushika, brashi ngumu na sabuni ya unga. Asidi ya chooni inakula saruji. Halafu gata za paa! Jani moja pana linaziba bomba la kushukia. Na jani lililojikunja hushika maji ya kutosha mbu wa dengi kuzaliana, naye hukamilika kwa wiki moja hivi, basi usiache rundo likae muda huo.

Mwenye_Ua: Asanteni sana. Kuna aliyesema majani haya yanafaa tangi la samaki wa urembo?

Bibi_Mboji: Yanafaa. Lililokauka kabisa, lisilopuliziwa dawa. Lisuuze, anza na moja kwa lita 40. Maji yatakuwa rangi ya chai, na hilo si uchafu. Kama ni maji ya kisima yenye chumvi nyingi, usitegemee yapunguze ualkali, rangi tu ndiyo utakayoipata. Likianza kuchanika, litoe.