"Kick back": ni kupumzika au ni hongo?

Kalamu
Wakuu, naomba ufafanuzi. Kuna mtu kaandika "I'm going to kick back this weekend". Kamusi inasema kickback ni hongo. Sasa huyu anapumzika au anakula mlungula? Na je, naweza kuutumia msemo huu kwenye barua pepe ya kazini?

Msomaji
Anapumzika, mkuu. Hapo ni kitenzi, kinaandikwa maneno mawili. Hongo ni nomino, neno moja, tena ni hongo ya namna yake: fungu la malipo linalorudishwa kimyakimya kwa aliyekupa tenda. Kwenye mazungumzo sikiliza mkazo. Anayepumzika anakaza "back", mla mlungula anakaza "kick".

Ila usijiachie sana na hiyo kanuni, kwa sababu hata kitenzi chenyewe kina sura nyingine. Tazama kinachofuata. "Kick back and watch a movie" ni kujinyoosha na kutazama filamu. "Kick back ten per cent to the manager" ni kumrudishia meneja asilimia 10 chini ya meza. Likifuata "against", mtu anapinga jambo.

Mhariri
Kuhusu kazini: kwa mwenzako mliyezoeana, sawa. Kwa bosi au mteja, hapana. "I'll be kicking back on Friday" inasikika kama unatangaza uvivu. Andika "I'll be off on Friday", yatosha. Na mgonjwa aliyeagizwa na daktari apumzike hutumia "rest". "Kick back" ni starehe, si tiba.

Msomaji
Naongezea: usimwambie "kick back" mtu aliyepandwa na hasira. Hapo wenyewe husema "chill out", yaani punguza jazba, nayo ikitamkwa vibaya huchochea moto. "Calm down" haina nafuu yoyote, watu wanaichukia vilevile.

Kalamu
Asanteni. Kwa hiyo "I kicked back with a book last night" iko sawa?

Mhariri
Iko sawa kabisa. Wakati uliopita unabadilisha "kick" tu, "back" haiguswi. Angalia tu usiyaunganishe yale maneno mawili: kisahihishi cha tahajia hakitakustua, maana "kickback" nalo ni neno halali.