YULE FUNDI WA DARAJANI KAFUTA BEKAPU YA BABA, HALAFU ATI "HUMU MLIKUWA NA KITU?"

MwanaWete:
Sitaji jina, mnamjua nyote. Skrubu zimemjaa mezani kama mchele usiochambuliwa. Naandika mikono inanitetemeka.

Nilimpelekea bekapu ya kompyuta ya marehemu baba, ya Windows 7, faili moja tu lina GB 180. Humo mna hesabu zake zote za karafuu, na programu yake haifunguki kwenye mashine mpya. Nikamwambia aigeuze iwe diski pepe, yaani faili linalojifanya diski, niiwashe ndani ya VirtualBox, ile programu ya kuwasha kompyuta ndani ya kompyuta. Elfu 40, siku mbili. Siku mbili zikawa wiki tatu! Karafuu zingechumwa, zikaanikwa, zikakauka.

Leo naingia, yumo na bakuli la urojo. Kumbe faili alilihamishia kwenye diski iliyopangwa kwa FAT32, mtindo wa kizamani ambao faili la GB 4 haliingii, seuze 180! Likagoma, wala hakutazama, akafuta la asili. Miguu imenilegea, yeye ananyanyua kijiko: "Dada, kwani humu mlikuwa na kitu cha maana?"

Kitu cha maana! Na bajia mdomoni!

karafuu_kavu:
Pole dada. Mie kanirudishia laptopu haina betri, akasema ndivyo ilivyokuja.

Mzee wa Ngalawa:
Nawe bibie umezidi. Bekapu ya Windows 7 ni VHD, yaani diski pepe, tangu kuzaliwa, tazama ndani ya folda ya WindowsImageBackup. Umelipa elfu 40 kupikiwa wali ulioiva.

MwanaWete:
Fundi ni yeye au mie? Na kuwaka haiwaki hivihivi, kila sehemu ya diski huwekwa faili lake. Wala silii elfu 40. Nalilia kile kijiko! "Humu mlikuwa na kitu cha maana?" Maisha ya baba yangu!

Forodhani_usiku:
Diski ile ya bekapu isiandikwe tena kitu hata kimoja, huenda faili likaokoleka. Kaichukue leo leo.

MwanaWete:
Keshapakia taarab. Imejaa mpaka pomoni.

ShogaYake:
Taarab ya kizamani au hii ya sasa?

karafuu_kavu:
Betri yangu sijaipata hadi leo.

Forodhani_usiku:
Urojo wenyewe kaununua wapi? Bajia siku hizi ndogo kama kunazi, bei ile ile.

Mzee wa Ngalawa:
Na mshikaki kipande kimoja! Yakhe, hilo lifungulie uzi wake.