Kujengea kaburi Tabora: vigae, terazo au graniti? Tulinganishe gharama

MwanaIsevya (mleta mada)
Wakuu, salaam. Familia imepanga kujengea kaburi la mama hapa Tabora mjini kabla mvua za Novemba hazijaanza. Kaburi lina miezi 14, halikujengewa ndani, kwa sasa ni tuta la udongo na msalaba wa mbao. Tumeita mafundi watatu, kila mmoja katoa bei ya jumla, "kazi na vifaa", na bei zenyewe hazikaribiani. Mmoja anasema vigae, wa pili terazo (saruji yenye vipande vya mawe, husagwa ing'ae), wa tatu graniti ya kuagiza Dar. Naomba tulinganishe kwa vifaa, tujue tunalipia nini hasa.

FundiZege_TBR
Poleni sana kwa msiba, ndugu. Bei ya jumla inakuchanganya kwa sababu imebeba vitu viwili: mwili wa kaburi na finishingi. Mwili (msingi, tofali, na slabu, yaani bamba la zege la juu) ni uleule uweke vigae, terazo au graniti. Mwambie kila fundi akuandikie mwili peke yake. Hapo utamjua anayepunguza tofali na nondo ili bei yake ionekane nafuu.

Shimo la kawaida ni kama mita 2 kwa sm 70. Ukuta usikae juu ya udongo uliofukiwa, ukae kwenye ardhi ambayo haikuchimbwa, nje ya kingo za shimo. Kwa hiyo vipimo vya nje viwe mita 2.4 kwa 1.1. Chimba mtaro wa upana sm 30 na kina sm 38, mwaga zege sm 15 (1:3:6, yaani saruji, mchanga, kokoto), panga tofali za inchi 6 mistari mitatu: mmoja unazama ardhini, miwili inaonekana. Ndani jaza udongo kwa tabaka za sm 15 na kushindilia. Juu slabu ya mita 2.5 kwa 1.2, unene sm 7.5, zege 1:2:4.

Vifaa vya mwili wote: saruji mifuko 5, tofali 45 (zinaingia 42, zilizobaki ni za kuvunjika), nondo za mm 8 tatu, mchanga toroli 10, kokoto toroli 8, waya wa kufungia kilo moja. Zidisha kwa bei ya duka lako la leo. Saruji ikiwa 20,000, kwa mfano, mifuko 5 ni laki moja. Fundi anayekuandikia mifuko 12 kwa kaburi moja muulize inaenda wapi.

Nondo zifungwe kwa nafasi ya sm 20: ndefu 7 na fupi 13, na zikae chini ya slabu juu ya biskuti (vipande vya zege vya kuinulia nondo) za sm 2.5. Hapa ndipo penye siri ya kaburi kudumu. Udongo wa ndani utatitia tu, hata baada ya miezi 14. Slabu yenye nondo iliyolala juu ya kuta haijali udongo ukishuka. Iliyomwagwa juu ya tuta bila nondo hupasuka masika ya kwanza, na ufa hupita katikati kama mkanda.

TerazoMwanga
Nakubaliana na FundiZege. Mimi niko Kigoma, naongeza upande wa finishingi.

Kwa vipimo hivyo, eneo la kufunika ni kama mita za mraba 7.5: juu 3, pembeni 3.5, ubao wa kichwani 1. Vigae vya 60 kwa 60 vinavyokuja vinne kwa boksi (mita za mraba 1.44) nunua maboksi 6, na gundi ya vigae ya kilo 20 mifuko 2. Chukua vya sakafu vya poselini, siyo vya ukutani. Vya ukutani vinanyonya maji na mgongo wake ni laini.

Vigae vinabanduka kwa sababu fundi anaweka madonge matano ya udongo wa saruji nyuma ya kigae, anabandika. Katikati pamebaki hewa. Maji yanaingia, jua la Septemba linayachemsha, kigae kinaachia. Gonga kwa kidole cha kati siku ya kukabidhiwa: kinacholia kama debe tupu kirudiwe kabla hujalipa. Gundi ipakwe mgongo wote wa kigae kwa mwiko wa meno, fuga (nafasi kati ya vigae) ziwe mm 3 na zijazwe, na slabu iwe na mteremko wa sm 3 kutoka kichwani kwenda miguuni ili maji yasilale.

Terazo haina viungo vingi vya kuingiza maji, kwa hiyo kwenye jua na mvua huwa naipa nafasi ya kwanza. Ni saruji nyeupe fungu moja na chipsi za mawe mafungu mawili hadi mawili na nusu, unene mm 12 hadi 15, stripu (vipande vyembamba vya kugawa eneo) kila sm 60. Taabu yake ni kusaga. Eneo ni dogo, mashine kubwa haigeuki, kwa hiyo inasagwa kwa grenda ya mkono yenye jiwe na maji mengi. Makaburini mara nyingi hakuna umeme wala bomba, kwa hiyo jenereta na madumu ya maji viandikwe kwenye bei tangu mwanzo. Ikisagwa kabla ya siku 4 au 5, chipsi zinang'oka na kuacha vishimo.

NakshiYaMawe
Graniti. Slabu ya mm 20 ina uzito wa kilo 54 hivi kwa mita ya mraba. Juu peke yake ni kilo 160, na pembeni ni karibu 190 nyingine. Hiyo ndiyo gharama ambayo watu wa Tabora na Kigoma wanaisahau: jiwe linalipiwa mara ya pili njiani, na likivunjika kwenye lori unaagiza upya. Likatwe vipande vitatu, vifungwe kwenye kreti ya mbao vikiwa vimesimama, kamwe visilazwe.

Ushauri wangu kwa familia nyingi: mwili upigwe terazo, graniti iwe ubao wa kichwani tu, sm 60 kwa 90. Ukiwa na unene wa sm 3 ni kilo 44, watu wawili wanaubeba. Uzame sm 15 kwenye zege, usiegemezwe kwa gundi pekee.

Na hakikisha ni graniti kweli. Dondoshea tone la ndimu pembeni, mahali pasipoonekana. Likitoa povu, hiyo ni marumaru (jiwe la asili, siyo vigae), na marumaru nje hupoteza mng'ao na herufi zake hulika. Herufi zichongwe kwa kina cha mm 2 au zaidi. Rangi ya dhahabu itapauka, lakini mchongo utabaki unasomeka kwa kidole. Picha iwe ya seramiki iliyochomwa, maana ya stika haimalizi kiangazi.

BintiUjiji
Kwa wasomaji Waislamu wa Ujiji na Tabora: ipo hadithi katika Sahih Muslim inayokataza kupaka kaburi chokaa na kujenga juu yake. Kinachofaa ni tuta la kiasi cha shibiri na jiwe la alama kichwani, kama Mtume (s.a.w.) alivyoweka jiwe kwenye kaburi la Uthman bin Madh'un. Gharama yake ni jiwe na mtu wa kulizika theluthi moja ardhini lisianguke. Wazeni na imamu kabla ya kumwita fundi.

MwanaIsevya
Nashukuruni mno. Maswali mawili. Msalaba wa chuma unafaa? Na malipo tuyapange vipi?

FundiZege_TBR
Chuma kinapata kutu pale kinapoingia kwenye zege, na wakusanyaji wa vyuma chakavu wanakiangalia. Msalaba wa zege wenye nondo ndani ni bora. Ule wa mbao ukiwa wa mninga msiutupe, mchwa hawauwezi kirahisi.

Vifaa nunueni wenyewe. Kazi lipeni kwa hatua tatu: msingi na tofali zikikamilika, slabu ikishamwagiwa maji siku 7 chini ya magunia mabichi (kiangazi cha Tabora hukausha zege kwa nusu siku), na ya mwisho baada ya kugonga na kukagua finishingi. Kabla ya yote ulizeni parokia au halmashauri, yeyote mwenye makaburi, kama kuna kibali na kikomo cha vipimo.

NakshiYaMawe
Na maandishi: fundi akuchoree kwenye karatasi ya ukubwa halisi, ndugu wawili wayasome herufi kwa herufi wakiwa na cheti cha kifo mkononi, waweke sahihi. Kosa kwenye graniti halifutiki, ubao mzima unabadilishwa.